Lenzi ya Mia

Olga hakuwa mtu wa kufurahia jua kali. Alikuwa mpima damu katika kituo kidogo cha afya cha kanisa, pale Kasenga mjini Uvira, na kazi yake yote ilipitia dirisha moja, lile linalotazama ziwa. Asubuhi jua likichomoza upande wa Burundi linapiga maji, maji yanalirudisha, na dirisha zima linawaka mpaka mtu anakunja uso. Mwanga wa namna hiyo unapendeza kwa wapiga picha. Kwa hadubini haufai hata kidogo, unachoma jicho na kuficha kile kile unachokitafuta. Basi Olga alitundika kipande cha shuka jeupe dirishani, jua likipita hapo linapoa, ndipo anavuta kiti. Na ikifika mchana anaanza kuharakisha, maana milima iliyo nyuma ya mji inalimeza jua mapema, na umeme wa Uvira ni wa kubahatisha.

Siku za mawingu aliwasha taa ya mafuta, akasafisha chemni yake ing'ae, kisha mbele ya taa akaweka chupa ya mviringo iliyojaa maji, na katika maji yale akakoroga bule kidogo, ile buluu ya kufulia nguo. Chupa inakusanya mwanga uliotawanyika, bule inapunguza umanjano wake. Mwalimu mmoja alimwonyesha hivyo akiwa bado msichana, na yeye hakuona sababu ya kubadili kitu kinachofanya kazi.

Wagonjwa walidhani mashine ile ina uwezo wake wa ajabu. Olga aliwacheka. "Haina nguvu yoyote," aliwaambia. "Iko njia ya mwanga tu." Na ndivyo ilivyokuwa. Kioo cha chini kinauokota mwanga dirishani na kuutupa juu. Mwanga unapenya kwenye lamu, yaani kile kipande chembamba cha kioo chenye tone la damu lililopakwa dawa ya zambarau. Kisha unaingia katika lenzi. Lenzi zilikuwa tatu, zimefungwa kwa skrubu kwenye gurudumu dogo, na kubwa yao ni ile wanayoiita ya mia, kwa sababu inakuza kitu mara mia. Hiyo ni lenzi yenye madaha. Mwanga ukitoka kwenye kioo cha lamu na kukuta hewa, unapinda, unatawanyika, unafika kwake pungufu, na yeye haukubali. Kwa hiyo unadondosha tone la mafuta maalumu juu ya lamu, unashusha lenzi mpaka inabusu mafuta, na mwanga unatoka kioo hadi kioo bila kupotea njiani. Hapo ndipo vidudu vya malaria vinajitokeza, vipete vya buluu vyenye nukta nyekundu. Bila lenzi ya mia, mpima damu ni mtu aliyevaa koti jeupe tu.

Rafiki yake Olga aliitwa Amandine. Na isemwe mapema kwamba walipendana kweli, maana yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani urafiki wao ulikuwa wa mdomoni. Ingekuwa hivyo, isingeuma.

Walikutana shuleni, Olga akiwa ametoka Bwegera na gunia la mchele wa shamba la mama yake, Amandine akiwa mtoto wa mjini asiyejua kupika. Walipanga chumba kimoja mtaa wa Rugenge, wakalala kitanda kimoja, wakala mchele ule mpaka wakauchukia. Amandine alisomea uuguzi, Olga akasomea maabara. Wote wawili wakapata kazi Kasenga. Miaka ikaenda, Amandine akawa mkuu wa kituo, na Olga alipojifungua mtoto wa kwanza, ni Amandine aliyemshika kwenye maji ya ubatizo.

Mwaka mto Mulongwe ulipovunja kingo na kuingia mpaka vitandani mwa watu, wanawake hawa wawili ndio waliookoa mali ya kituo. Hadubini zilikuwa mbili, za aina moja, zilizoletwa pamoja. Kila mmoja alijitwika yake, tope likiwafika mapajani. Amandine aliteleza, ya kwake ikazama. Ilipotolewa ilikuwa imejaa mchanga na maji, wakaikausha, wakaiweka kabatini kwa huruma tu, kama mtu anavyoweka nguo za marehemu. Ya Olga ikapona.

Tangu hapo Olga aliilinda kwa wivu. Kuvu hupenda lenzi, huota ndani ya kioo mahali ambapo kitambaa hakifiki, na ikiisha kuota hakuna dawa. Kwa hiyo alikaanga mchele wa Bwegera mkavu, bila mafuta, akaufunga ndani ya soksi ya mtoto na kuuweka kwenye sanduku la hadubini uvute unyevu. Ukichoka, anakaanga mwingine.

"Mashine yako inakula kuliko bwana yako," Amandine alimtania.

"Bwana yangu hanioneshe kitu," Olga akajibu, na kituo kizima kikacheka.

Walikuwa na desturi yao. Lamu ikikutia shaka, husemi huna hakika. Unaita tu, "Nitazamie." Mwenzako anaacha anachofanya, anakuja, anainama palepale ulipoinama wewe, anasema alichoona. Amandine hakusomea kazi ile, lakini Olga alimfundisha miaka yote, kidogo kidogo, mpaka akajua kuitenganisha malaria na uchafu wa dawa. Olga hakuwahi kumfundisha mtu mwingine kwa moyo namna ile.

Basi mwaka wa mambo haya Amandine na mume wake wakafungua zahanati yao ndogo, Rugenge. Hapakuwa na siri. Olga alikuwapo siku ya kuifungua, aliosha vyombo na kuimba. Waliajiri kijana aliyetoka shuleni karibuni, Kizito, awe mpima damu, wakanunua hadubini kuukuu kutoka Bujumbura. Olga aliipapasa siku hiyo akasema lenzi zake mbili ndogo ni nzima lakini ya mia imekwaruzika, haitaona kitu, watafute nyingine. Amandine akasema watatafuta.

Muda si mrefu mama yake Olga akafariki. Olga akapanda Bwegera kumzika, akakaa kule na ndugu zake mpaka kilio kikaisha. Aliporudi aliketi dirishani, akadondosha mafuta, akashusha lenzi ya mia, akaona maziwa.

Hakuna neno jingine. Palipotakiwa kuwa na vipete na nukta, palikuwa na weupe uliochanganyika na zambarau, kila kitu kimevimba, kila ukingo umeyeyuka. Akapangusa kioo cha chini. Akapangusa lenzi ya juu, ile ya kuwekea jicho, akaizungusha kuona kama uchafu unazunguka nayo. Hauzunguki. Akabadilisha mafuta. Akasogeza lamu. Weupe ukabaki palepale. Lenzi mbili ndogo zilionyesha vizuri, ila kwa hizo malaria huioni.

"Amandine, nitazamie."

Amandine alikuja akifuta mikono kwenye gauni lake. Aliinama. Alifumba jicho moja, akazungusha skrubu polepole, akaisogeza lamu kulia, akairudisha kushoto. Alikaa pale muda wa kutosha.

"Mbona iko muzuri?" akasema. "Minye niko naona wazi kabisa. Kidudu kile kule, na kingine pembeni yake."

Olga akainama tena haraka. Maziwa.

"Umelia sana kule kwa kilio," Amandine akamwambia, mkono begani. "Macho yamechoka. Pumzika kidogo, dada."

Alipumzika. Haikusaidia. Kila asubuhi aliketi na matumaini na kila asubuhi weupe ule ulikuwa umemtangulia. Wiki zilipopita ndipo neno lenyewe likatamkwa, na si Olga aliyelitamka.

"Labda ni macho, Olga. Mama yako si alikufa haoni?"

"Lakini kwa lenzi ndogo minye niko naona muzuri."

"Weye mwenyewe si ulinifundisha?" Amandine akasema kwa upole. "Ulisema lenzi ikiwa kubwa, mwanga unaingia mu jicho wembamba kama uzi. Jicho likiwa na kasoro, ni pale inaonekana. Kwa lenzi ndogo inajificha."

Ilikuwa kweli. Olga alikuwa ameyasema hayo, neno kwa neno, miaka mingi iliyopita, wakiwa wanakula ndagala wa ziwani nyuma ya kituo. Mwanga mwembamba haulisamehe jicho kitu. Mtu anayeanza kuota mtoto wa jicho huona ukungu wake kwanza kwenye lenzi ya mia. Elimu yake mwenyewe ilimfunga kamba, na mwenye kukaza fundo alikuwa mwanafunzi wake. Lakini wakati ule hakulijua hilo. Alimwona dada yake anayemjali, akamshukuru.

Alitaka kwenda Bukavu kwa daktari wa macho. Amandine akamwambia barabara ni mbaya, angojee, akamletea miwani ya sokoni na matone ya kusafishia macho. Miwani haikufanya lolote. Olga alijua tangu mwanzo haitafanya, maana kasoro ya kuona karibu au mbali hadubini huirekebisha yenyewe ukizungusha skrubu. Aliivaa hata hivyo, ili asimvunje moyo aliyeileta. Na Ijumaa jioni Amandine alikuwa akija nyumbani kwake, wanapiga magoti sebuleni, anamwekea viganja juu ya kope na kuomba. Aliomba vizuri sana, Amandine, alijua kuomba. Machozi ya Olga yalikuwa yakipenya katikati ya vidole vyake.

Ukuta kwa ukuta na Olga aliishi Aziza, muuza vitenge, Mwislamu wa zile familia zilizokaa Uvira tangu enzi za babu wa babu. Walikuwa majirani wa kupeana chumvi na moto. Binti yake Aziza, Tumaini, alianza homa katika siku ambazo vipimo vya haraka vilikuwa vimeisha mji mzima, kwa hiyo kila kitu kilirudi kwenye hadubini. Aziza alimleta mtoto mwenyewe, amemfunga mgongoni.

"Minye siende kwengine," akasema. "Naamini macho yako."

Siku hiyo Amandine hakuwapo, alikuwa kwenye zahanati yake. Hapakuwa na wa kumwambia nitazamie. Olga aliinama juu ya tone lile la damu mpaka shingo ikakakamaa. Alitafuta katika maziwa. Kuna mahali alidhani ameona nukta, akaipoteza. Mwisho aliinuka akamwambia Aziza kwamba haoni malaria. Siku mbili baadaye mtoto akaletwa tena, na Olga hakuona tena.

Tumaini alishikwa na degedege alfajiri. Mtu mmoja akamwambia Aziza akimbilie Rugenge, kwa Amandine. Kule wakapima, wakakuta damu imejaa vidudu, wakamtundikia dawa, mtoto akapona. Ila sikio lake la kushoto halisikii tena. Aziza alirudi Kasenga akilisifu jina la Amandine kila duka. Aliacha kumsalimu Olga, na mlango wa uani walioutumia wote wawili akaupigia misumari.

Olga aliamua mwenyewe. Alimwambia Amandine hataketi tena kwenye hadubini, aletwe mtu mwingine, yeye atapima watoto uzito. Amandine alilia, akamkumbatia, akamwambia ni uamuzi wa mtu mcha Mungu. Na Olga akaenda kwenye mizani; mtu mwingine hakuletwa, damu za kituo zikawa zinapelekwa Rugenge. Kila alipopita karibu na dirisha lake aligeuza uso. Alikuwa bado hajazeeka, na alikuwa ameshaanza kutembea kwa tahadhari, akigusa kuta, kama mtu anayejizoeza giza.

Siku moja ndugu zake walimtumia mchele mpya. Akatenga sehemu ya Amandine, maana ndivyo alivyofanya kila mavuno, akaupeleka Rugenge. Amandine alikuwa mkutanoni. Kwenye benchi la zahanati aliketi mama mmoja na mtoto anayetetemeka mapajani, na Kizito alikuwa ameinama juu ya hadubini akijikuna kichwa. Alipomwona Olga uso wake ukafunguka.

"Maman Olga! Mungu amekuleta. Nitazamie kidogo."

"Muachie kipofu," Olga akasema.

"Kidogo tu, maman. Sijui kama ni malaria ao ni uchafu."

Aliinama ili asimwaibishe kijana. Akaweka jicho, mkono ukaenda wenyewe kwenye skrubu, akazungusha.

Vipete. Vya buluu, vyembamba, kila kimoja na nukta yake nyekundu, vimesambaa kati ya chembe nyeupe, wazi kabisa, mpaka angeweza kuvihesabu. Akafunga jicho lile, akaweka la pili. Wazi. Wazo la kwanza lililomjia, masikini, lilikuwa la furaha: Mungu amesikia maombi ya Ijumaa. Alitamani kutoka mbio, aukatize mkutano, amwambie Amandine, dada, ninaona.

"Ni malaria," akamwambia Kizito. "Iko mingi. Mupe mutoto dawa sasa hivi."

Kizito alipeleka jibu, akarudi amefarijika. "Asante, maman. Hiyo lenzi ya mia inanisumbuaka. Haiko ya hii mashine, haikubaliane na zingine, kila mara inabidi kuanza kutafuta upya."

"Ilitoka wapi?"

"Maman Amandine aliileta. Wakati weye ulienda kwa kilio."

Alisema bila kujua anasema nini. Olga akanyoosha mkono, akaipapasa lenzi. Siku ya mafuriko, akiwa na mzigo kichwani, aliigonga lenzi ile kwenye chuma cha mlango, ikabonyea kidogo ukingoni. Kidole chake kilikuwa kimeugusa mbonyeo ule kila siku ya kazi mpaka alipokwenda kilioni, na aliporudi, lawama zote zikiwa juu ya macho, hakuutafuta. Sasa kikaugusa tena.

Aliifungua skrubu, akaipangusa mafuta, akaifunga kwenye leso pamoja na ile lamu.

"Maman, sasa minye nitatumika na nini?" Kizito akauliza kwa hofu.

"Uliza mwenye alikuletea."

Alipanda pikipiki mpaka Kasenga. Kwenye meza yake ya zamani aliifungua lenzi ya mia iliyokuwa pale, akaigeuza, akaielekeza dirishani. Ndani ya kioo chake kuvu ilikuwa imetanda, nyuzi nyeupe zilizogawanyika kama mizizi, na kwenye kingo zilikuwapo punje za mchanga. Akaomba ufunguo wa kabati kwa mtunza stoo, ambaye aliutoa kwenye droo ya Amandine. Hadubini iliyozama ilikuwa palepale. Kwenye gurudumu lake, mahali pa lenzi ya mia, palikuwa na tundu tupu.

Aliirudisha lenzi yake mahali pake. Kisha akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

Wizi wa lenzi haukumuuma. Angeombwa angeitoa, wangeazimana, asubuhi huku na mchana kule, wangepata namna. Kilichomchoma kilikuwa ile siku ya kwanza. Amandine aliinama. Aliweka jicho mahali pale, akaona maziwa yale yale aliyoyaona Olga, akakaa muda, akasogeza lamu kulia na kushoto, akachagua pa kuelekeza kidole, na kusema kidudu kile kule. Na baada ya hapo, viganja juu ya kope, Ijumaa kwa Ijumaa. Hata mama yake marehemu alikuwa ameingizwa katika uongo ule, kwa kuwa alikufa haoni.

Amandine alifika nyumbani kwake jioni, jua likiwa limeshaingia milimani lakini anga bado jeupe. Kizito alikuwa amempigia simu. Hakuketi.

"Nilipanga kuirudisha kabla haujatoka Bwegera," akaanza. "Nakuapia. Wagonjwa walikuwa wengi, nikasema nangoja siku moja. Halafu ukarudi."

"Nikakuita."

"Ndiyo."

"Nikakuambia nitazamie. Weye uliona nini?"

Amandine akageuza uso.

"Uliona nini, Amandine?"

"Moshi," akasema. "Niliona moshi."

"Na mutoto wa Aziza?"

"Si niliponyesha yeye?" Amandine akasema upesi, na palepale akajishika mdomo. Kisha akapiga magoti, akamshika Olga miguu, akalia kilio cha kweli. Alisema ni shetani, alisema ni mume wake, mwisho akasema ni yeye mwenyewe. Alisema atasema. Olga asimuumbue kwa watu, amwachie aseme kwa mdomo wake. Kesho, kwenye sala ya asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, na Aziza atamwita pia asikie. "Acha niseme minye mwenyewe, Olga. Kwa ajili ya vile tulitoka mbali."

Na Olga, jamani, akakubali. Mtu hawezi kuacha kumwamini mtu kwa siku moja, baada ya kumwamini miaka yote ile. Akamwinua, akamfuta uso, hata akamsindikiza hadi barabarani.

Asubuhi wafanyakazi walisimama duara katika chumba cha maabara cha Olga, maana ndicho kilichokuwa kikubwa. Aziza alikuwepo kweli, karibu na mlango, ushungi kichwani, haelewi ameitiwa nini. Amandine akaingia amevaa kitenge kipya. Waliimba wimbo mmoja. Kisha akainua mkono.

"Niko na neno," akasema. Sauti yake ilikatika kidogo, akaishika. "Wote munajua mateso ya dada yetu Olga. Munajua tuliomba sana. Jana, alikuja kwangu Rugenge akatazama mu mikroskopi. Na dada yetu aliona." Akangoja. "Mungu amefungua macho ya Olga!"

Vigelegele vilipasua chumba. Wauguzi walimvamia Olga, wakamkumbatia, wakamtikisa, mpishi akaanza kucheza. Na katikati ya kelele zile Aziza alimfikia, akamshika mabega, macho yamejaa machozi.

"Nimekusamehe, jirani," akamwambia. "Ilikuwa ugonjwa. Minye nilikuhesabia vibaya. Nimekusamehe kwa yote."

Olga alikuwa ameililia samahani hiyo usiku na mchana. Sasa ilikuwa mikononi mwake, ya moto, na ilikuwa ya kosa asilolitenda, iliyopangwa na mtu aliyelitenda. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Mlango wa uani ungefunguliwa. Kazi yake ingerudi, lenzi ilikuwa imesharudi, mji mzima ungemsifu Mungu kwa ajili yake. Akamtazama Amandine juu ya vichwa vya watu. Amandine alikuwa akitabasamu na kumwomba kwa macho.

"Aziza," Olga akasema, na akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Macho yangu hayakuugua hata siku moja."

Vigelegele vikapungua, vikaisha. Mikono ya Aziza ikatoka mabegani mwake.

"Hayakuugua?" Aziza akauliza polepole. "Basi uliona vidudu vya mutoto wangu, ukasema hakuna?"

Olga akamgeukia Amandine. Swali lilikuwa la Amandine kulijibu, si la mtu mwingine. Chumba kizima kiligeuka, kikangoja.

"Tuombe," akasema Amandine.

Na watu wote wakafumba macho. Ndivyo walivyozoea, mkuu akisema tuombe hakuna anayeuliza. Vichwa viliinama duara nzima. Aziza peke yake hakufumba, hiyo haikuwa sala yake. Alikuwa amesimama anamtazama Olga, akingoja jibu.

Olga akamshika mkono, akampeleka dirishani. Akaifunga kwenye hadubini lenzi yenye kuvu, akaweka lamu ya yule mtoto wa jana Rugenge, akadondosha mafuta, akamwonyesha pa kuweka jicho.

"Unaona nini?"

"Moshi," akasema Aziza.

Akaibadilisha, akaweka ile yenye mbonyeo, akazungusha skrubu. Aziza akainama tena. Alikaa hapo, halafu akavuta pumzi ghafla.

"Naona vitu. Vidogo, viko na doa jekundu."

"Hii ya moshi, Amandine aliiweka kwangu, akapeleka nzuri kwake. Nilimuita aje atazame."

"Akatazama?"

"Alitazama."

"Akaona moshi, kama minye?"

"Kama weye."

"Akakuambia nini?"

"Akaniambia yeye anaona, minye niko na macho mabaya."

Aziza aliinuka. Akageuka kuangalia duara la watu waliofumba macho. Amandine alikuwa bado anaomba, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiomba nayo sebuleni kwa Olga, akimsihi Mungu aulinde urafiki wao na midomo ya watu, na hakuwa na haraka yoyote ya kufika Amina.